Acheni Kuhesabu Farasi

Kila masika, mahali fulani kwenye barabara ya vumbi iliyogeuka uji, lori lenye injini ya farasi 420 huzama mpaka ekseli. Utingo anatumwa kijijini kutafuta trekta. Linakuja la farasi 75, kuukuu, bomba la moshi limetoboka, kiti kimefungwa kwa mpira. Nusu ya mzigo inashushwa, mnyororo unafungwa, trekta linanguruma, lori linachomoka. Kabla tope halijakauka kwenye tairi, ubishi umeshaanza. Kundi moja linadai dereva wa lori hajui kazi, kwani farasi 420 hawawezi kukwama pale wanapopita farasi 75. Kundi la pili linadai trekta lina nguvu kuliko lori lolote duniani, na kwamba hesabu za injini ni za kuwalia wateja fedha. Siku hizi ubishi huo umehamia kwenye simu, zinakopita video za lori na trekta zilizofungwa kitako kwa kitako, kila moja likihangaika kumburura mwenzake.

Makundi yote mawili yamepotea, tena yamepotelea mahali pamoja. Yote yanaamini kwamba nguvu ya kuvuta hukaa ndani ya injini, na kwamba idadi ya farasi ndiyo kipimo chake. Imani hii imeenea kuanzia vijiwe vya bodaboda hadi ofisi zinazoidhinisha mikopo ya zana za kilimo. Ni imani ya uongo, inawatia watu hasara, na mara nyingine inaua.

Tuanze na farasi wenyewe. Kipimo hiki kilianzishwa na James Watt, Mskoti wa karne ya 18 aliyekuwa akiuza injini za mvuke. Wateja wake walizoea kutumia farasi, hivyo aliwaeleza injini kwa lugha waliyoielewa: hii itachukua nafasi ya farasi kadhaa. Kwa kipimo cha metriki, farasi mmoja ni kazi ya kuinua kilo 75 kwenda juu mita moja katika sekunde moja. Shikilia hiyo sekunde, maana ndiyo inayosahauliwa. Kilo 75 hata kijana mmoja mwenye kapi na kamba ataziinua, ila atachukua muda wake. Farasi hawapimi uzito unaoweza kuvutwa. Wanapima unavutwa kwa kasi gani.

Chukua lori lililojaa hadi tani 56, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari. Lipandishe mlima unaoinuka mita 6 katika kila mita 100. Kulisogeza kunahitaji mvuto wa takriban tani 4. Injini ya farasi 420 italipandisha kwa kasi ya kilomita kama 25 kwa saa. Sasa mzigo huo huo uvutwe na injini ya farasi 75 yenye gia za chini za trekta, na tuseme trekta limeongezewa uzito wa kutosha ili tairi zisiteleze. Nalo litapanda. Litapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, kilomita kama 4 kwa saa, na madereva walio nyuma yake watalitukana mlima mzima, lakini kileleni litafika. Farasi 345 waliozidi kazi yao ilikuwa kuwahi.

Uongo wa pili unatokana na tani. Dereva husema, “Mimi navuta tani 56,” na mkulima mwenye plau la sahani tatu hujiona mdogo. Lakini kwenye lami tambarare, kwa mwendo wa pole, tani 56 zilizokaa juu ya tairi zilizojaa upepo hudai mvuto wa kilo 500 hivi tu. Magurudumu yanabeba uzito. Injini inashindana na ukinzani mdogo wa tairi kuviringika. Plau la sahani tatu linalozama sentimita 20 kwenye udongo mgumu kiasi hudai mvuto unaokaribia tani moja, na halidai kwa dakika moja ya kuondoka, bali kutwa nzima, mstari baada ya mstari. Kwa hiyo trekta lile lililochakaa, ambalo hakuna anayelipungia mkono, huenda kwa saa nyingi linavuta mara mbili ya lile lori refu linalopigiwa honi barabarani. Kulinganisha tani za lori na sahani za plau bila kuuliza kinachokinza ni kelele tu.

Hapo kundi la pili wataanza kushangilia: “Si tulisema trekta ndilo baba lao?” Wasubiri kidogo.

Mvuto una mpaka mmoja usiojali kampuni, nchi wala bei. Gari haliwezi kuvuta kuzidi kile ambacho ardhi iliyo chini ya tairi zake itakubali kushikilia. Mpaka huo unatokana na mambo mawili: uzito ulioegemea tairi zinazoendeshwa na injini, na mshiko wa tairi kwenye ardhi. Kwenye lami kavu, tairi linaweza kusukuma kwa nguvu inayofikia sehemu saba au nane za kumi za uzito lililoubeba. Kwenye shamba lenye udongo ulioshikamana, ni kama nusu. Kwenye tope ni theluthi, robo, au pungufu ya hapo. Injini ikizidisha nguvu kupita mpaka huo, tairi linazunguka palepale, linachimba kaburi lake, na kila farasi unayemwongeza anaongeza kina cha shimo.

Sasa lirudie lori lako matopeni. Lina tani 56, lakini zilizo juu ya ekseli mbili za kuendesha ni kama 18 tu. Tani 38 zilizobaki hazisaidii kushika ardhi. Zinakaa juu ya tairi za mbele na za tela, zinazama, na kila gurudumu linalozama linalima bila plau. Isitoshe, tairi za lori hujazwa upepo wa psi 100 au zaidi ili zibebe mzigo kwenye lami, kwa hiyo zinakanyaga ardhi kwa ncha kali. Tairi kubwa za nyuma za trekta hujazwa psi 12 hadi 20. Zinatanua unyayo, zina meno marefu yanayouma udongo, na sehemu kubwa ya uzito wa trekta imeegemea hizo hizo. Trekta halina nguvu za siri. Limejengwa ili uzito wake karibu wote ugeuke kuwa mvuto, wakati lori limejengwa ili uzito wake karibu wote uwe mzigo.

Hamisha shindano hilo kwenye lami kavu na mambo yanapinduka. Trekta la tani 3 halitapata mvuto unaozidi tani 2 na ushee hata likilia vipi, kwa sababu lami haiwezi kulipa zaidi ya hapo. Lori lenye tani 18 juu ya ekseli za kuendesha linaweza kupata tani 12, na gia zake za chini zina uwezo wa kuzitoa. Litaliburuta trekta hilo kinyumenyume tairi zikiandika mistari mieusi barabarani. Lori hilo hilo likiwa tupu, mvuto wake unashuka kwa zaidi ya nusu, ingawa injini haikubadilika hata nati moja. Ndiyo maana zile video za kufungana mnyororo hazithibitishi kitu. Anayechagua uwanja na anayeamua nani abebe mzigo ameshachagua mshindi kabla ya injini kuwashwa.

Wanaoujua mchezo huu hawahangaiki na farasi. Marekani na Ulaya kuna mashindano rasmi ya trekta kuvuta sleji yenye uzito. Huko Marekani chama chake cha kitaifa kiliundwa 1969. Washindani hupangwa kwa madaraja ya uzito, kama mabondia, kwa sababu kila aliyewahi kushiriki anafahamu kuwa kilo zikitofautiana sana hakuna ushindani. Hata kichwa cha treni, chenye farasi kwa maelfu, hubeba mchanga wa kunyunyiza relini mbele ya magurudumu yake. Kama farasi pekee wangetosha, mchanga ungekuwa wa nini?

Wala hili si somo jipya. Mwaka 1919, jimbo la Nebraska huko Marekani lilipitisha sheria iliyokataza kuuza trekta lolote jimboni humo kabla ya aina hiyo kupimwa na chuo kikuu cha jimbo. Aliyeisukuma bungeni alikuwa mkulima, Wilmot Crozier, ambaye alikuwa ameuziwa trekta bovu lenye jina la Ford, jina lililoazima umaarufu wa Henry Ford bila Henry Ford mwenyewe kuhusika. Majaribio yalianza 1920, na la kwanza kupimwa lilikuwa Waterloo Boy aina ya N. Trekta hilo liliuzwa kwa namba mbili: 12-25. Injini ilikadiriwa kutoa farasi 25 kwenye mkanda wa kuzungushia mashine iliyosimama, lakini kwenye ndoano ya kuvutia walikadiriwa kufika 12. Wengine wote walipotelea kwenye gia, kwenye magurudumu na kwenye udongo. Wakulima wa karne iliyopita walitajiwa namba zote mbili kabla ya kutoa senti. Sisi, kwenye viwanja vya maonyesho ya wakulima ya Nanenane, vya Nzuguni na John Mwakangale, tunaonyeshwa moja tu, imebandikwa ubavuni mwa boneti kwa herufi zinazosomeka kutoka getini, na tunauliza, “Ina farasi wangapi?” kisha tunatoa fedha.

Tanzania ina kumbukumbu zake za gharama ya kuhesabu nguvu na kuisahau ardhi. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa. Walileta mashine za kila aina, hata vifaru vya vita aina ya Sherman vilivyogeuzwa na kampuni ya Vickers kuwa trekta. Nguvu na uzito havikukosekana. Udongo wa Kongwa ukikauka hushikamana kama saruji, ukasaga na kupinda zana, na mradi ukafutwa 1951 baada ya mamilioni ya pauni kupotea. Makosa ya mradi ule yalikuwa mengi, lakini moja lilikuwa hili: walihesabu mashine kabla ya kuuliza udongo.

Baadaye, kwenye mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza uliozinduliwa 2009, wilaya nyingi zilipelekewa pawatila, trekta ndogo za kuongozwa kwa mkono. Ni mashine nzuri kwenye majaruba ya mpunga. Zilipofika kwenye ardhi kavu na ngumu, malalamiko yakajaa: haishiki, inarukaruka, inamchosha mtu kuliko jembe la mkono. Lawama zikaenda kwa mashine, kwa waliozileta, na kwa mkulima aliyeitwa mvivu. Jibu lilikuwa kwenye mizani. Pawatila ina farasi 12 hadi 16 na uzito wa kilo mia chache. Ng'ombe wawili wa kulimia wakiwa na kilo 600 kwa pamoja huvuta mfululizo takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wao, na ukipiga hesabu ya kasi yao hawafikishi hata farasi mmoja wa Watt. Hata hivyo wanalima, na wakikutana na udongo mgumu wanaweza kukaza zaidi kwa muda mfupi, kwa sababu wana uzito na wana kwato. Pawatila inang'ara jarubani kwa kuwa kule visu vyake vinazungushwa moja kwa moja na injini. Kazi haipitii kwenye mshiko wa tairi. Ifungie plau kwenye ardhi ya Dodoma na farasi wake 12 wanakosa pa kukanyaga.

Harry Ferguson, fundi kutoka Ireland ambaye jina lake limo kwenye Massey Ferguson zinazolima mashamba yetu, alilielewa hili mapema. Trekta lake la TE20, lililotoka 1946, lilikuwa na uzito wa tani moja na kidogo na injini ambayo leo ingechekwa. Akili yake ilikuwa kwenye mikono mitatu ya nyuma: plau likikazana na udongo, mfumo ule unahamisha uzito na kuukandamiza juu ya tairi za nyuma. Kazi ikiwa ngumu, tairi zinashika zaidi. Mikono ile mitatu imeenea kwenye trekta karibu zote duniani, na bado wako madereva wanaofunga plau bila kuirekebisha, tairi zinateleza, wanakanyaga mafuta, halafu wanamlaumu mwenye trekta kwa kununua injini ndogo.

Nilisema imani hii inaua. Trekta likifungwa mnyororo juu, kwenye ekseli au kwenye topu linki, yaani mkono wa juu wa ile mitatu ya nyuma, halafu likazidishiwa mafuta mbele ya mzigo usiosogea, tairi za nyuma zikagoma kuzunguka, injini haisimami kuomba radhi. Msokoto wake unalizungusha trekta lenyewe kuizunguka ekseli. Mbele kunanyanyuka, na kwa muda mfupi kuliko wa kukanyaga klachi, trekta limemwangukia dereva. Mnyororo hufungwa chini, kwenye ndoano ya kuvutia, na hakuna mtu anayesimama karibu na cheni iliyokazwa. Lakini nani atakumbuka hilo wakati umati unapiga kelele “Ongeza moto!”?

Na kuna wanaoamini kwamba kwa kuwa trekta linaweza kuvuta, basi linafaa kwa safari ndefu za barabarani. Wanalifungia tela la mchanga au la mpunga lisilo na breki na kuliteremsha mlimani. Tumeona kwamba kuvuta mzigo kwenye lami tambarare ni rahisi, karibu kila kitu kinaweza. Kuusimamisha ndiyo kazi. Lori lina breki za upepo kwenye kila ekseli, ya tela ikiwemo. Trekta la kawaida lina breki za magurudumu yake ya nyuma, na uzito wake ni mdogo kuliko wa tela linalolisukuma. Uwezo wa kuondoka na mzigo hautoi leseni ya kuubeba mteremkoni.

Wako watakaosema nawadharau farasi. Siwadharau, nawaweka mahali pao. Mwenye kukodisha trekta anayetaka kumaliza ekari nyingi kabla mvua haijakatika anahitaji farasi, kwa sababu anauza muda. Mwenye kuendesha mashine ya kupukuchua au ya kukata majani anawahitaji. Mwenye lori la Dar es Salaam hadi Tunduma anawahitaji kuliko wote, asije akaufanya mlima wa Kitonga kuwa makazi. Ninachokataa ni farasi kutumika kama jibu la swali ambalo hawakuulizwa.

Kwa hiyo kikundi cha wakulima kinachokwenda kukopa trekta kiache kuuliza farasi kwanza. Kiulize uzito wa trekta lenyewe, na kilo ngapi ziko juu ya tairi zinazoendeshwa. Kiulize kama tairi za mbele nazo zinavuta. Kiulize tairi za nyuma ni za ukubwa gani na zinaingia maji kiasi gani, maana kuzijaza maji kunaweza kuongeza kilo 200 au zaidi kwa kila moja, kwa bei ya maji. Kisha kidai trekta lijaribiwe kwenye udongo wa kijiji chake, sio kwenye nyasi za maonyesho. Kipimo ni rahisi: tia alama ya chokaa kwenye tairi la nyuma, pima umbali wa mizunguko 10 plau likiwa juu, kisha pima tena plau likiwa kazini. Kama umbali ulikuwa mita 45 na umeshuka hadi 39, unapoteza kama asilimia 13, na hiyo ni hali nzuri. Ukishuka hadi 30, tatizo lako ni uzito, tairi au namna plau lilivyofungwa, na injini ya farasi 100 itakuchomea dizeli zaidi kwa kazi ile ile.

Serikali nayo ina sehemu yake. Arusha kuna CAMARTEC, kituo ambacho kupima zana za kilimo ni mojawapo ya kazi zake. Iwe sharti kwamba kila trekta linalosimamishwa kwenye uwanja wa Nanenane libandikwe namba mbili zilizopimwa, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazolingana: farasi wa injini, na mvuto wa ndoano kwa kilo kwenye udongo uliotajwa. Nebraska walianza kupima zaidi ya miaka 100 iliyopita, na hakuna muuzaji mwaminifu mwenye sababu ya kuliogopa hilo. Yule atakayekataa kuandika namba ya pili, mwacheni abaki na farasi wake.